Boti ya Wifi

"Ukiona vyaelea, vimeundwa." Waliotunga methali hii walikuwa watu wa pwani, na kwa vyaelea walimaanisha vyombo vya baharini. Sisi wa Iramba, huku bara Singida, tuliikopa kwao pamoja na kanga, tukaitumia kwa nyumba za bati, kwa watoto waliofaulu mitihani na kwa mashamba yaliyolimwa vizuri. Maana yake haikubadilika njiani: kizuri unachokiona mbele ya macho yako hakikudondoka kutoka mbinguni. Yupo aliyekitolea jasho, na mara nyingi jasho hilo lilimwagika mahali ambapo wewe hukuwapo. Dorika binti Mkumbo aliifahamu methali hii tangu darasa la tatu na aliweza kuitamka vizuri kuliko mwalimu wake, lakini ilimbidi asafiri hadi mpakani Namanga na kuku wawili ndipo aielewe.

Dorika aliishi na mumewe, Andrea, katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Kitangiri. Hakuwa maskini. Walilima vitunguu na alizeti, walikuwa na ng'ombe zizini, na mvua ikinyesha haikuwalowesha kitandani. Hata hivyo alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali ya Kiomboi haikuwa na dawa yake, nao ni kijicho. Kijicho chake hakikutapanyika ovyo kwa kila mtu. Kilimchagua mtu mmoja tu, wifi yake Marietha, mjane wa kaka yake Stanley, kikamkalia usiku na mchana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni, nguo za mitumba zilifika hadi vijijini, na mtu yeyote mwenye chake aliweza kuagiza bidhaa kutoka nje bila kungoja shirika la umma limkumbuke. Marietha aliagiza mashine ya boti. Tangu siku ile wafanyabiashara wa kijiji hawakuvushwa tena kwa mitumbwi ya pondo nusu siku nzima ili wafike mnadani ng'ambo ya ziwa. Walipanda boti ya Marietha na magunia yao ya vitunguu, wakavuka kabla jua halijawa kali, wakarudi mchana na chumvi, vitenge na mbuzi. Watu walisahau jina la Marietha, wakaanza kumwita Mama Boti.

Jina hilo lilimchoma Dorika rohoni. Kila aliposikia mashine ikinguruma ziwani aliacha jembe shambani, akasimama kutazama boti imekaa chini kiasi gani majini, apate kujua imebeba mizigo mingi au kidogo. Ikiwa imejaa, alirudi nyumbani amenuna. Yeye mwenyewe alivushwa bure kila mnada, kwa kuwa Marietha alikataa katakata kupokea nauli ya wifi yake, na hilo nalo lilimuudhi. Aliona anafanywa omba-omba mbele za watu.

"Kaka yangu alikufa akaacha boti, na anayeila ni mtu wa kuja," alimwambia mumewe jioni moja.

"Kaka yako aliacha mbao zenye matundu," Andrea alijibu. "Kuku walikuwa wanatagia humo. Marietha ndiye aliyeziba kwa pamba na lami."

"Mbao zilikuwa za nani?"

Andrea akavuta bakuli la mboga karibu. Alikwisha kujua kwamba ukibishana na Dorika juu ya Marietha unakula ugali bila mboga.

Huko mwaloni, mahali boti zinapoegeshwa, Dorika alitia chumvi zaidi. Aliwaambia wanawake waliokuwa wakianika kambale, "Nyie mnadhani mjane anatoaje mashine nzima forodhani? Anakwenda kuwachekea wale maafisa. Angekuwa na meno kama haya yangu angeitoa?" Wanawake walicheka, kwa maana Dorika alikuwa hodari wa kuchekesha, na uongo unaochekesha husafiri mbali. Kadiri alivyourudia ndivyo alivyouamini. Mwishowe aliapa moyoni kwamba forodhani ni mahali pa tabasamu tu, mwenye nalo huingia mikono mitupu akatoka na mashine.

Mwaka huo mvua ilichelewa, maji ya Kitangiri yakapungua. Asubuhi moja propela iligonga kisiki, na gia inayoizungusha ikavunjika. Boti ilivutwa kwa kamba hadi ufukweni, ikalala ubavu. Hakuna aliyeumia, ila Marietha alikaa kwenye mchanga akashika tama, na Dorika alikwenda kumpa pole akiwa amejitanda kanga kichwani ili uso wake usionekane vizuri. Wiki ile alilala usingizi mnono. Andrea alishangaa kumsikia akiimba jikoni nyimbo za kwaya ambazo hakuwa ameziimba tangu harusi yao.

Wimbo haukudumu. Marietha aliuza mavuno yake ya vitunguu, akaagiza gia nyingine kwa muuzaji wa vipuri wa Nairobi, yule yule aliyemuuzia mashine. Baada ya muda dereva wa lori alisimama Shelui akaacha ujumbe: gia imefika Namanga, imo katika bohari ya forodha. Isipolipiwa ushuru na kuchukuliwa kabla mwezi haujaisha, itapigwa mnada.

Dorika aliposikia habari hiyo, chakula kilimshinda. Aliiona boti ikielea tena, akamwona Marietha amekaa pale nyuma na mkono wake juu ya usukani, na watu wakimpungia. Akaona kama si sasa, basi hataipata tena. Alivaa viatu akaenda kwa baba yake mkubwa, Mzee Gasto, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba yao kufariki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Baba, nimekuja kulia. Stanley hakuacha mtoto. Kilichobaki chenye jasho lake ni ile boti, na sisi damu yake tunaitazama kwa macho tu. Kesho Marietha ataolewa Kintinku au wapi huko, boti itaondoka naye. Utasema nini kaburini kwa mwanao?"

Mzee Gasto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na kwa maoni yake amani ilipatikana kwa kumpa anayepiga kelele zaidi kile anachokitaka. Aliita kikao cha ukoo siku ya Jumamosi. Dorika alisema sana, akalia kidogo palipostahili. Aliahidi kwamba gia ataitoa mwenyewe, ukoo usihangaike.

Marietha alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Alipopewa nafasi alisema, "Baba, sikatai neno la ukoo. Lakini kabla hamjaamua naomba niwaeleze huko forodhani mzigo unatolewaje, maana ule mzigo..."

"Mtoto anayeachishwa ziwa hakosi la kusema," Dorika alimkatiza. "Forodha si kwako. Hata sisi tuna miguu."

Baadhi ya watu waliguna, baadhi wakacheka. Ikaamuliwa kwamba boti irudi kwenye ukoo na Dorika awe mwangalizi wake. Marietha aliinuka, akaenda kuileta kamba ya kuwashia mashine, akaiweka miguuni pa Mzee Gasto na kuaga kwa heshima. Dorika alitegemea kumwona akilia. Hakulia, na jambo hilo lilimpunguzia utamu wa ushindi.

Safari iliandaliwa haraka. Dorika alimfanya Andrea auze ndama kwa ajili ya ushuru. Alifua kitenge chake kipya, akajipaka mafuta ya nazi hadi akang'aa, na akakamata kuku wawili, jogoo na tetea, akawatia katika tenga. Mtu wa Singida hasafiri mikono mitupu, na kuku wetu wanajulikana nchi nzima kwa utamu. Alijua ana upungufu wa tabasamu, ndiyo maana akaona aongezee na jogoo.

"Huendi kumuuliza Marietha njia?" Andrea aliuliza.

"Nikamuulize nini? Yeye alimuuliza nani?"

"Mimi nauliza tu."

"Endelea kuuliza. Mimi nakwenda."

Basi lilitoka Singida likapita Katesh na Babati, vumbi likiingia kwa kila dirisha. Abiria wengine walilalamika, Dorika hakulalamika hata mara moja. Alikuwa akijiona tayari amekaa mahali pa Marietha, nyuma ya boti. Alikwisha kuamua kwamba wifi yake atavushwa kwa nauli kamili kama mtu mwingine yeyote. Wazo hilo lilimpendeza kiasi kwamba alinunua maandazi Babati akamgawia jirani yake asiyemjua.

Alipofika Namanga alistaajabu kuona mpaka wenyewe ni barabara tu, yenye kizuizi cha chuma na watu wanaopita huku na huku na vikapu vyao kama wanaokwenda kisimani. Hakujua bohari iko upande gani, akamuuliza kijana mmoja mizigo inayotoka Nairobi inashushwa wapi, akaonyeshwa ng'ambo. Dorika alivuka na tenga lake kichwani, hakuna aliyemzuia. Katika ofisi ya mizigo ya huko aliambiwa mzigo anaouulizia ulikwisha kupelekwa upande wa Tanzania siku nyingi. Akageuka kurudi. Hapo ndipo afisa mmoja kijana, aliyevaa sare safi, alipomwita.

"Mama, shikamoo. Hao kuku wana cheti?"

"Marahaba. Cheti cha nini?"

"Cha daktari wa mifugo. Unaingiza ndege hai kutoka nchi jirani."

"Mwanangu, hawa ni kuku wa Iramba. Wametotolewa uvunguni mwa kitanda changu."

"Ulipovuka nao kwenda kule uliwaandikisha?"

"Nani anaandikisha kuku?"

"Anayevuka nao mpaka, mama."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walianza kucheka. Dorika alijaribu kueleza kwamba hata kuwika kwa jogoo wake ni kwa lafudhi ya kwao. Kijana yule alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaandika jina lake, Dorika Andrea wa Iramba, akalichukua tenga na kusema kuku watakaa bandani hadi daktari awaone. Basi yule aliyekuja kutoa mzigo mmoja forodhani akawa ameongeza mwingine.

Hakukata tamaa. Alikung'uta vumbi, akajifunga kitenge upya na kwenda kwenye ofisi ya bohari. Njiani alikumbuka jambo lililomfanya asimame. Ujumbe wa dereva ulisema mzigo umekuja kwa jina la Marietha. Alifikiri kidogo, akaona ni jambo dogo. Nani huku anamjua Marietha kwa sura? Akalipanga lile tabasamu alilolifanyia mazoezi tangu Babati, akasukuma mlango.

Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Hakutabasamu. Tabasamu la Dorika lilibaki limening'inia peke yake usoni, halijui liende wapi. Chumba kizima hakikuwa na mwanamume wa kuchekewa, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akifagia.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nimefuata gia yangu ya boti. Mimi ni Marietha, mke wa marehemu Stanley Mkumbo, kutoka Iramba."

Afisa aliweka kalamu chini, akamtazama taratibu toka kichwani hadi miguuni. Kabla hajasema neno, mlango ulifunguliwa na yule kijana wa kizuizini akaingiza kichwa.

"Mama Dorika," alisema, "samahani. Jogoo wako amekata kamba, yuko juu ya paa. Njoo umwite, labda anaijua sauti yako."

Dorika alitamani ardhi ipasuke immeze. Afisa alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena.

"Mama, mimi namfahamu Marietha," alisema kwa sauti ya chini. "Alipokuja kutoa mashine alikaa kwenye benchi lile hapo nje mpaka tukawa tunamletea chai kama mfanyakazi mwenzetu. Wewe si Marietha. Ningeweza kumwita polisi. Sitamwita, kwa sababu naona umetoka mbali na nadhani ni ndugu yake. Sheria inasema mzigo hutolewa kwa mwenyewe. Mwambie aje. Mwezi ukiisha sina uwezo tena, utakwenda mnadani."

Dorika alitoka nje bila kuaga. Jogoo alipatikana, ila daktari wa mifugo alikuwa amekwenda Longido na hakujulikana atarudi lini, kwa hiyo kuku walibaki. Njaa ilimuuma. Aliingia katika banda moja la mama lishe, akaagiza wali, na alipofungua tu mdomo mwenye banda aligeuka.

"Hiyo lafudhi ni ya kwetu Singida. Mimi naitwa Anastazia, mtu wa Ikungi. Wewe wa wapi?"

"Iramba. Kitangiri."

"Kitangiri? Unamjua Marietha? Hajambo? Mashine yake inafanya kazi?"

Dorika alisema anamjua kidogo. Kwa Anastazia hilo lilitosha. Alivuta kigoda akakaa, akaanza kumweleza mgeni wake habari za Marietha kama mtu anayesimulia habari za mdogo wake. Alimwonyesha nafasi kati ya magunia ya mkaa na ukuta. "Hapo ndipo alipokuwa analala. Mara ya kwanza karatasi za muuzaji zilikosa mhuri, akarudishwa Nairobi, na hakuwahi kufika hata Arusha kabla ya safari hiyo. Akarudi na mhuri, ushuru ukamzidi. Nauli ya kwenda kwao ikawa imeisha. Akaniomba aoshe vyombo. Aliosha masufuria yangu hadi ngozi ya viganja ikachunika, akashikwa na homa, akapona, akaosha tena. Siku alipopewa mashine yake aliikumbatia hapo barabarani, ina grisi vile vile, watu wakadhani amechanganyikiwa."

Dorika alikuwa akimeza wali bila kuusikia ladha. Nitasema kweli juu yake: aibu haikuwa ya kwanza kufika. Kilichotangulia ni wivu mwingine, mpya kabisa. Hata huku? Hata kwenye vumbi la mpakani, Marietha anapendwa? Yeye, Dorika, aliyezaliwa Kitangiri na kuzikiwa wazazi wake Kitangiri, hakuwa na mtu hata mmoja wa kumuulizia hali yake umbali wote huu.

"Alisema mumewe hakumwachia kitu," Anastazia aliendelea. "Aliacha boti iliyotoboka na wifi mmoja. Akasema, Mungu akinijalia mashine hii, wifi yangu hatalipa nauli maisha yake yote, maana ndiye pekee anayefanana na marehemu anapocheka."

Dorika alisukuma sahani. Alisema amepata kiungulia.

Alirudi nyumbani bila gia na bila kuku. Kwa waliomuuliza alisema forodha wamefunga kwa ajili ya ukaguzi. Usiseme alikuwa amebadilika. Kijicho ni kama papasi wa nyumba ya udongo, unadhani umewamaliza kumbe wamejificha ufani. Kijicho kilimnong'oneza: kaa kimya, mwezi uishe. Gia ipigwe mnada, boti ioze, mkose wote. Angalau hutamwona tena amekaa pale nyuma. Dorika alilisikiliza neno hilo na likamfaa. Alikwenda shambani akapalilia vitunguu kwa bidii isiyokuwa ya kawaida, na kila siku iliyopita ilimpa ahueni na kumtia hofu kwa pamoja.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, Marietha alipiga hodi.

"Karibu, wifi," Dorika alisema, kwa vile hakuna namna ya kumfukuza mtu anayepiga hodi.

"Ahsante. Pole na safari. Anastazia hajambo?"

Dorika alishtuka. "Nani kakuambia nimemwona Anastazia?"

"Anayetoka forodhani na njaa ataingia kwake tu. Ni banda la kwanza." Marietha alikaa. "Walikuuliza jina?"

Nje Andrea alikuwa akichonga mpini, na sauti ya tezo ikasimama.

"Kwa hiyo ulijua," Dorika alisema. "Ulijua mzigo hautoki bila wewe, ukaniacha niende nikaaibike."

"Nilifungua mdomo kikaoni niwaambie. Uliniambia mimi ni mtoto anayeachishwa ziwa. Wifi, ningekufuata stendi nikuambie, ungenisikiliza?"

Jibu lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua.

"Mimi si malaika," Marietha aliendelea. "Ulipopanda basi nilifurahi. Nilisema mwache naye aonje joto ya jiwe. Nimekaa na furaha hiyo mpaka jana, imenichosha. Mwezi unaisha. Ikienda mnadani, hakuna gia nyingine, na sina vitunguu vingine vya kuuza. Boti itakufa. Sasa niambie wewe mwangalizi wake, unataka ife?"

Swali hilo lilimkuta Dorika mahali palipo uchi, maana ndilo alilokuwa akilitaka. Alimtazama mwanamke huyu aliyemchukia miaka mingi, akaviona viganja vyake alivyovikunja magotini, vigumu kama vya mpasua kuni. Alikuwa amevipokea viganja hivyo kila siku alipopandishwa botini, na hakuwahi kujiuliza vilikuwaje vile. Machozi yalimtoka kabla hajayaruhusu.

"Niliitaka ife," alisema. "Toka nimerudi nimekuwa naomba mwezi uishe. Nakuonea wivu, Marietha. Nimekuonea wivu hadi kwa yule mama lishe."

Marietha hakumkumbatia wala kumwambia yamekwisha. Alisema tu, "Kamwambie Mzee Gasto. Yasemee pale pale uliposemea yale mengine. Ukishamaliza tutakwenda Namanga, lakini safari hii siendi peke yangu."

Kuyasema mbele ya ukoo kulikuwa kugumu kuliko vumbi la Babati. Dorika aliyasema. Mzee Gasto, aliyekuwa radhi na neno lolote litakalomaliza kelele, alimrudishia Marietha kamba ya mashine na boti yake, na safari hii ukoo mzima ukiwa shahidi.

Walifika Namanga mwezi ukiwa ukingoni. Afisa mwenye miwani alimsalimu Marietha kwa jina, akamtazama Dorika, akasema kwa upole, "Na huyu leo ni nani?" Ushuru wa gia ulikuwa mkubwa, na ada ya kuweka bohari ilikuwa imeongezeka kwa zile siku ambazo Dorika alikaa kimya. Fedha ya ndama haikutosha. Marietha alianza kukunja mikono ya blauzi, Dorika akamzuia. Aliyaosha masufuria ya Anastazia yeye mwenyewe, akiyasugua kwa majivu na mchanga, na Marietha akakaa kwenye benchi la forodha kufuatilia karatasi. Jioni ya kwanza mgongo ulimuuma. Iliyofuata vidole vilipasuka, majivu yakawa yanaingia kama pilipili. Alilala kati ya magunia ya mkaa na ukuta, na usiku alipogeuka aligonga kiwiko, akajua kwamba mwenzake alikigonga pale pale. Kuhusu kuku hakuuliza. Anastazia alimwambia tetea amekwisha kutaga na daktari wa mifugo ameanza kuwaita wake.

Gia ilitoka siku ya mwisho, imefungwa katika gunia lenye mafuta. Haikuwa kubwa. Dorika aliipakata njia nzima kutoka Arusha hadi Singida, akakataa kuiweka chini hata gari liliposimama kupumzika.

Siku boti ilipoingizwa majini, Dorika ndiye aliyesukuma kutoka nyuma, maji yakimfika kiunoni. Mashine ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika. Watu walishangilia na kukimbilia mizigo yao. Sidai kwamba kijicho kilimtoka chote. Marietha alipokaa kwenye usukani na watu wakamwita Mama Boti, kitu kidogo kilimchoma Dorika pale pale pa zamani. Tofauti ni kwamba safari hii alikitambua, akakiacha kipite.

Alipokuwa akipanda, alimsikia Scola, jirani yake wa shamba, akiwaambia wenzake ufukweni, "Wengine wamezaliwa na bahati. Angalieni Dorika, juzi tu alikuwa mwenzetu, leo amekaa botini kama bibi harusi. Sisi tutakufa na majembe."

Wanawake wakacheka. Kicheko kilimwingia Dorika hadi kwenye mifupa, naye akatambua kwa mara ya kwanza kinavyosikika ukiwa upande wa pili. Alikuwa na majibu mengi makali, maana mdomo wake haukuwahi kumtupa. Hakuyatumia. Aliviinua viganja vyake vilivyochunika, akawaonyesha wote waliokuwa ufukweni.

"Dada Scola," alisema, "ukiona vyaelea, vimeundwa."